Laptopu imekuwa nzito? Usiitupe, iwekee Linux nyepesi

Ile taa ndogo ya diski, iwe pembeni ya kibodi au kwa mbele, ukiona inawaka tu bila kupepesa dakika tano nzima na we hujafungua chochote, umewasha na kuweka pasiwedi basi, ujue hiyo laptopu haijafa. Imeelemewa. RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, imejaa, mfumo unahamishia mizigo kwenye diski, na diski yenyewe ni ile ya kuzunguka, ya polepole, kwa hiyo kila unachobonyeza kinasubiri foleni. Wengi hapo ndo wanaifungia kabatini na kuanza kutafuta nyingine, na mi naomba kabla hujafika huko uipe wikendi moja tu.

Kuna na hili la pili. Windows 10 iliacha kupewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM isiyopungua GB 4, diski ya GB 64 na prosesa ambazo kwa upande wa Intel karibu zote zinaanza kizazi cha 8. Maana yake kuna laptopu nyingi sana nzima kabisa, skrini safi, kibodi safi, ila zimebaki nje ya mlango. Hizo ndo naziongelea hapa. Mfumo wa Linux, unaokaa mahali pa Windows, ni huria, haulipiwi, unapata masasisho ya usalama kwa miaka, na kuna matoleo yametengenezwa makusudi kwa ajili ya mashine zenye nguvu ndogo.

Nitaeleza mpaka mwisho ila kuna kitu kimoja nataka ukishike kuliko vyote: usifute chochote mpaka uwe umeujaribu huo mfumo mpya ukiwa unatembea kutoka kwenye flashi, kwenye mashine yako hiyohiyo, na umeona waifai inashika na sauti inatoka. Karibu kila mtu niliyeona akijuta aliruka hapo.

Anza kwa kuijua mashine

Vitu vitatu tu: RAM kiasi gani, prosesa ni ya biti 64 au 32, na diski ni ya aina gani. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32 ugonge enter, utaona jina la prosesa, RAM iliyofungwa, na kwenye mstari wa aina ya mfumo ukiona x64 basi Windows uliyonayo ni ya biti 64. Ukiona x86 usikate tamaa haraka, maana mtu anaweza kuwa aliweka Windows ya biti 32 kwenye prosesa ya 64, hiyo ilikuwa kawaida sana zamani. Chukua jina la prosesa ulitafute. Intel Core 2 Duo zilizoanza kutoka 2006 ni za biti 64, lakini zile Atom N270 za vilaptopu vidogo ni 32 tu, hazibadiliki.

Hili la biti lina uzito kwa sababu matoleo makubwa yamekuwa yakiiacha 32 moja baada ya jingine. Lubuntu waliiacha kuanzia 19.04, na Debian 13 iliyotoka Agosti 2025 haina tena kiinstolea (programu ya kuuweka mfumo) chake cha 32. Kwa hiyo kama mashine yako ni ya 32 machaguo ni machache ila yapo, antiX ndo la kwanza ninalolifikiria.

Diski nayo. Kama ni HDD, yaani ile ya kuzunguka unayoisikia inakwaruza ndani, na laptopu inafunguka kwa bisibisi, basi kama una pesa ya kununua kitu kimoja tu nunua SSD, diski ya kasi isiyozunguka, ya inchi 2.5 ya SATA. Siyo RAM kwanza, SSD kwanza. Unachomoa skrubu chache, unavuta diski ya zamani kwenye soketi yake, unasukuma mpya palepale, haina ufundi mwingine. Halafu ile ya zamani inabaki na Windows yako na mafaili yako yote, unaiweka pembeni kama bakapu ambayo hujaigusa. Mi naona hiyo ndo njia salama kuliko zote, kwa sababu ukitaka kurudi unairudisha tu diski yako. RAM ukiongeza angalia aina kwanza, DDR3 na DDR3L zina umbo moja lakini volti tofauti, na laptopu zilizotengenezwa kwa DDR3L peke yake hazipendi ile nyingine.

Lipi la kuchukua

Hapa watu wanapotezwa na wingi wa majina. Elewa hivi: Linux yenyewe ni kiini, keneli, kazi aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991. Juu ya kiini watu mbalimbali wanafunga programu, muonekano na kiinstolea wanatoa toleo lao, ndo unasikia Mint, Debian, Lubuntu na kadhalika. Kinacholemea mashine ya zamani mara nyingi siyo kiini, ni ule muonekano wa juu, madirisha na menyu na vivuli vyake. GNOME na KDE ni nzuri lakini zinataka nafasi. Xfce na LXQt ni nyepesi. IceWM ni nyepesi zaidi, karibu haina kitu.

RAM GB 4 na kuendelea, chukua Linux Mint toleo la Xfce, usisumbuke kulinganisha. Menyu iko chini kushoto, mtu aliyezoea Windows anajipata ndani ya dakika kumi. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itapata masasisho mpaka 2029. Kwenye tovuti yao wameandika RAM ya chini ni GB 2 na inayofaa ni GB 4, na mi nakubaliana nao kwenye hiyo ya 4. Kwa GB 2 itawaka, itafungua folda, itaandika barua vizuri, lakini ukifungua brauza na kurasa nne utaiona ile taa ya diski tena.

Kama una GB 2 basi nenda Lubuntu, ina LXQt, au antiX. Lubuntu ni laini kwa mgeni. antiX ina sura ya kizamani, mwanzoni utaona kama imekaa ovyoovyo, ila imejengwa juu ya Debian na inakula RAM kidogo mno, na toleo lake la 23 lipo hata la biti 32. Chini ya GB 1, antiX au Puppy Linux. Puppy inajipakia yote ndani ya RAM na inaweza kutembea kwenye flashi hata laptopu ikiwa haina diski kabisa, kwa hiyo ile mashine ambayo diski yake imekufa bado inaweza kukuandikia na kukufungulia mafaili.

Jambo ambalo lazima nilitaje kwa sababu watu wanaahidiwa mengi: hakuna mfumo utakaofanya kurasa za intaneti za leo ziwe nyepesi. Mfumo utakula MB mia chache badala ya GB mbili, ile nafasi iliyobaki inakwenda kwa brauza. Video za ubora wa juu kwenye prosesa ya miaka 15 zitakatakata, shusha mpaka 480 au 360 utaona raha. Kuandika, kusoma, barua pepe, masomo ya mtandaoni, hesabu za biashara, muziki, hapo haina shida.

Bakapu, na siyo kwa macho

Niliwahi kumwekea rafiki yangu mfumo mpya, nikamuuliza umehamisha vitu vyote akasema vyote. Nikafuta. Siku tatu baadaye ananiuliza picha za mtoto ziko wapi. Zilikuwa kwenye akaunti nyingine, ile laptopu ilikuwa na akaunti mbili za watumiaji na mkewe ndo alikuwa na ya pili, na sisi wote wawili tuliangalia moja. Hazikurudi. Toka hapo siulizi, nafungua diski C, naingia folda ya Users, naangalia kila jina lililomo humo ndani, moja baada ya jingine, Desktop, Documents, Pictures, Downloads, halafu naangalia na diski D kama ipo.

Mafaili siyo peke yake. Kwenye brauza kuna pasiwedi zilizohifadhiwa na kurasa ulizozialamisha, ziingize kwenye akaunti yako au zitoe kama faili. Kama kuna programu ya hesabu au ya stoo, yenyewe ndani ina sehemu ya kutoa bakapu, usinakili folda tu ukadhani inatosha. Ukishanakili kwenye diski ya nje chomoa, chomeka kwenye kompyuta nyingine, fungua picha mbili tatu na waraka mmoja uone vinafunguka kweli.

Na kitu kingine muhimu. Windows nyingi za karibuni zinafunga diski kwa BitLocker bila hata mwenyewe kujua. Ukianza kuchezea mipangilio ya kuwasha, siku ya kurudi Windows itakuomba ufunguo wa tarakimu 48. Uchukue mapema kwenye akaunti yako ya Microsoft uuandike kwenye karatasi, au uzime huo ulinzi kabisa kabla ya kuendelea.

Kutengeneza flashi

Tafuta flashi ya GB 8 au zaidi, kitu chochote kilichomo humo kitafutika. Pakua faili la ISO, faili moja lenye mfumo wote, kutoka tovuti rasmi ya toleo ulilochagua, la Mint Xfce linakaribia GB 3, kwa hiyo kama bando lako ni la kuhesabu tafuta mahali penye waifai nzuri. Likishamaliza usilitumie hapohapo, hakikisha limefika zima. Kwenye tovuti kuna namba ndefu ya SHA256, na kwenye Windows unafungua kile kidirisha cheusi cha amri, unaingia kwenye folda ya faili, unaandika:

certutil -hashfile jina-la-faili.iso SHA256

Zilinganishe herufi sita za mwanzo na sita za mwisho, zikifanana una amani. Hii inachukua dakika moja na inakuokolea masaa, kwa sababu faili lililokatika njiani linaweza kuwaka vizuri kabisa likaja kugoma katikati ya kuinstoli, wakati diski imeshafutwa.

Kuliandika kwenye flashi kuna Rufus kwa Windows, balenaEtcher, na Ventoy. Ukinakili ISO kama faili la kawaida haiwaki, lazima iandikwe na programu ya kazi hiyo. Mi nampenda Ventoy. Unaiweka kwenye flashi mara moja, baada ya hapo unanakili tu maISO ndani kama mafaili ya kawaida, hata matatu manne, na ukiwasha inakupa orodha uchague. Kwa mtu anayetaka kulinganisha Mint na antiX kwenye mashine moja hiyo ndo dawa. Kuwa makini tu sehemu ya kuchagua diski, soma ukubwa wake, kama umechomeka na diski ya nje yenye bakapu ichomoe kabla hujafungua programu yoyote ya kuandika flashi.

Kuwasha kutoka kwenye flashi

Zima laptopu kabisa. Windows ina tabia ya kulala nusu badala ya kuzima, kwa hiyo shikilia shifti huku ukibonyeza kuzima, hapo inazima kikweli. Chomeka flashi, washa, na muda uleule anza kugonga kitufe cha menyu ya kubuti, yaani ya kuchagua mashine iwakie wapi, gonga gonga usisubiri. Dell, Lenovo na Toshiba mara nyingi ni F12, HP ni Esc halafu F9, Asus ni Esc, Acer ni F12 lakini kwenye nyingi hiyo menyu imezimwa mpaka uingie BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe kabla mfumo haujawaka) kwa F2 uiruhusu. Ukikosa mara ya kwanza zima urudie, ni kawaida.

Ikikataa na ujumbe kuhusu Secure Boot, ule ulinzi unaokagua kinachowashwa, ujue Mint, Lubuntu na Debian zinakubaliana nayo, ila antiX na Puppy kwa kawaida zinataka uizime kwenye BIOS. Na saa ya BIOS ukiikuta imerudi nyuma miaka kadhaa, kibetri cha ubao mama kimekwisha, kibadilishe, maana saa ikiwa mbovu brauza itakataa kurasa nyingi kwa kisingizio cha vyeti vya usalama na utadhani Linux ndo mbovu.

Hapa ndo ukae muda mrefu

Ikiwaka utaona deskitopu kamili, na hapo bado hujagusa kitu kwenye diski. Inatembea ndani ya RAM na flashi. Itakuwa polepole kidogo kwa sababu ya flashi, hiyo isikutishe, ikihamia kwenye diski inakuwa nyingine.

Unganisha waifai. Cheza video yenye sauti, chomeka earphone uone sauti inahama. Punguza mwanga wa skrini kwa vitufe. Fungua kamera. Gusa ile sehemu ya mausi kwa vidole viwili uone ukurasa unapanda na kushuka. Funga kifuniko, subiri dakika moja, fungua. Hili la kifuniko linasahaulika sana na ndo linalosumbua mashine za zamani, inalala halafu haiamki, skrini nyeusi, unashika kitufe cha kuwasha mpaka inakufa. Ni bora ulijue sasa kuliko siku una kazi ambayo hujaihifadhi.

Waifai ikikosekana kabisa kwenye orodha, uwezekano mkubwa ni kadi ya Broadcom, hizo draiva zake (programu za kuiendesha) haziji ndani moja kwa moja kila mara. Chukua simu yako, iunganishe kwa waya wa USB, ingia mipangilio ya simu uruhusu kugawa intaneti kwa USB, laptopu itaiona kama imechomekwa waya wa mtandao bila draiva yoyote. Halafu kwenye Mint unafungua Driver Manager inakutafutia ya Broadcom. Huo waya wa simu umeniokoa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote, uwe nao karibu siku hiyo.

Na kabla hujatoka humo fungua programu inayoitwa Disks, chagua diski ya laptopu, kwenye menyu yake kuna SMART, ripoti ya afya ya diski. Tafuta mstari wa Reallocated Sector Count. Ikiwa sifuri vizuri, ikiwa na mamia diski inakufa, na haina maana kuweka mfumo mpya juu ya diski inayokufa. Nimeona watu wameinstoli mara tatu wakilaumu Linux kumbe ni diski.

Kuinstoli kwenyewe

Hii sehemu watu wanaiogopa na ndo fupi kuliko zote. Chomeka chaji, usitegemee betri ya zamani. Bonyeza ile alama ya kuinstoli iliyo kwenye deskitopu, chagua lugha, chagua kibodi na uandike herufi kadhaa kwenye kile kisanduku uone zinatoka zenyewe. Weka tiki kwenye kodeki za video na sauti.

Inafuata swali la diski. Kama umeamua Linux peke yake chagua ile ya kufuta diski yote, "Erase disk". Kuna na ile ya kukaa pamoja na Windows, inafanya kazi, lakini kwa diski ya GB 128 au mashine ambayo Windows yake tayari ilikuwa mzigo sikushauri, utabana pande zote mbili, na Windows ikijisasisha wakati mwingine inavuruga mpangilio wa kubuti. Ukitaka kubaki na Windows kwa ajili ya programu moja, ile njia ya SSD mpya na diski ya zamani pembeni ni bora.

Hapa simama. Angalia jina la diski na ukubwa. sda ya GB 320 ndo ya laptopu, sdb ya GB 8 ndo flashi, kwa mfano. Ukiwa na wasiwasi fungua teminali, kidirisha cha amri cha Linux, uandike lsblk, itakuchorea diski zote na ukubwa wake. Ukishabonyeza kukubali hakuna kurudi.

Baada ya hapo jina, pasiwedi, na kwenda kunywa maji. SSD dakika kumi na kitu, HDD inaweza kufika nusu saa au zaidi. Ikimaliza itakuambia uchomoe flashi na kugonga enter.

Siku ya kwanza

Masasisho kwanza. Kwenye Mint kuna ngao ndogo pembeni ya saa, au kwa teminali:

sudo apt update
sudo apt upgrade

Ukiandika pasiwedi hapo hutaona hata nyota, haijaganda, inapokea, andika tu ugonge enter.

Halafu fungua Timeshift uiweke ihifadhi picha ya mfumo mara moja kwa wiki, ibaki na mbili tu kama diski ni ndogo. Ukiharibu kitu unarudi kwenye picha ya mwisho iliyohifadhiwa. Inahifadhi mfumo, siyo mafaili yako, kwa hiyo bakapu ya picha bado ni juu yako.

Kwa wenye RAM GB 4 kushuka, hii ndo hatua inayoleta tofauti unayoiona kwa macho. Inaitwa zram. Badala ya RAM ikijaa vitu kukimbizwa kwenye diski, vinabanwa vikabaki humohumo ndani ya RAM vikiwa vidogo. Prosesa inaongezewa kazi kidogo, diski inapumzika:

sudo apt install zram-tools

Kisha unahariri faili la mipangilio:

sudo nano /etc/default/zramswap

Weka ALGO=zstd na PERCENT=50, ondoa alama ya reli (#) iliyo mwanzo wa hiyo mistari, hifadhi kwa Ctrl na O, enter, toka kwa Ctrl na X. Washa upya huduma yake:

sudo systemctl restart zramswap

Ukiandika swapon --show utaiona zram0 imekaa pale. Nilifanya hivi kwenye laptopu ya GB 2 yenye HDD, nikafungua kurasa zilezile tano zilizokuwa zinaiua, na ile taa ya diski ikawa inapepesa badala ya kuganda. Hiyo ndo picha ninayokuwa nayo kichwani kila nikimwambia mtu asitupe mashine. Hizo amri ni kwa Mint na Lubuntu, antiX haitumii systemd, ile inayosimamia huduma za mfumo, kwa hiyo ile ya mwisho huko haifanyi kazi.

Kwenye brauza weka uBlock Origin, ya kuzuia matangazo, ndani ya Firefox. Matangazo yanakula RAM na prosesa kuliko maandishi unayosoma. Ingia na kwenye orodha ya programu zinazojiwasha zenyewe, zima usizozihitaji, kama huna bluetooth au printa haina haja ziwe zinasubiri.

Kazi zako za kila siku

Microsoft Office na Adobe haziinstoliki hapa kwa njia ya kawaida, na nasema wazi kwa sababu kama mkate wako unategemea Photoshop au programu ya kodi inayotaka Windows, basi usihamie mashine yako ya pekee. Kwa wengine wote LibreOffice tayari iko ndani. Inafungua docx na xlsx, na shida kubwa ninayoiona kwa watu ni mpangilio kuhama, mstari unashuka ukurasa wa pili, jedwali linatanuka. Mara nyingi kosa siyo la LibreOffice, ni fonti. Waraka uliandikwa kwa Calibri na wewe huna Calibri. Zipo fonti huria zenye vipimo sawasawa na hizo, Carlito kwa Calibri na Caladea kwa Cambria:

sudo apt install fonts-crosextra-carlito fonts-crosextra-caladea

Fungua waraka uleule baada ya hapo, utaona mistari imerudi mahali pake. Na kama unamtumia mtu faili la kusoma tu, mtumie PDF, LibreOffice ina kitufe chake pale juu.

VLC kwa video. Printa nyingi ukiwa nazo kwenye waifai moja zinajitokeza zenyewe, za zamani sana tafuta draiva kwa jina la modeli. Programu mpya usizitafute kwenye tovuti za ovyo kama tulivyozoea, ule mchezo wa kupakua faili la exe kutoka popote uuache, fungua Software Manager andika jina la kitu unachotaka, kila kilichomo humo kinasasishwa pamoja na mfumo.

Kama unamwekea mtu mwingine, mama au mdogo wako, kaa naye nusu saa ya kwanza yeye akiwa ameshika mausi, siyo wewe. Mwachie atafute pa kuandikia barua, atafute picha zake, afungue flashi na kuichomoa kwa utaratibu. Wekea brauza na LibreOffice pale chini kwenye upau, rudisha alamisho zake, weka hata ile picha ya ukutani aliyokuwa nayo. Mtu asiporidhika na laptopu iliyobadilishwa mara nyingi ni kwa sababu hakuvikuta vitu vyake mahali alipoviacha.

Kifuniko kikikusumbua kama nilivyosema, ingia kwenye mipangilio ya umeme uchague kifuniko kikifungwa skrini izime tu badala ya mashine kulala. Inakula betri kidogo ila kazi haipotei.

Na ile flashi usiifute. Iandike kwa kalamu tarehe na jina la toleo, iweke pamoja na chaji. Siku laptopu ikigoma kuwaka utabuti nayo vilevile kama siku ya kwanza, utafungua diski kutoka pale utoe mafaili yako, na kwenye Mint kuna programu ya Boot Repair ndani ya hiyohiyo flashi inayorekebisha kubuti kwa kubonyeza kitufe kimoja.